Aliyemwitikia Kabula

Maiti ilikuwa imefunikwa kwa majani.

Haikufunikwa ovyo. Matawi mabichi yalikuwa yamepangwa juu ya kifua, nyasi zikawekwa juu ya miguu, na uso ukanyunyiziwa mchanga laini hata likabaki umbo tu, kama uso wa sanamu ambayo fundi hajaimaliza. Kando yake alisimama tembo jike. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, bila kukoma. Na kila mkonga wake uliposhuka uliyagusa majani yale kwa wepesi, kama mtu anayehakikisha kwamba mgonjwa bado amejifunika vizuri.

Inspekta Raya Muharami alisimama juu ya jukwaa la watazamaji, mikono nyuma. Ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi. Ukungu ulikuwa haujainuka ziwani, na ndani ya ukungu ule wadudu wa ziwa walipanda kwa nguzo ndefu nyeusi, mithili ya moshi wa moto usioonekana. Katika miaka kumi na saba ya upelelezi alikuwa ameona maiti za kila namna. Hakuwa ameona maiti iliyolazwa kwa heshima namna ile na huyo huyo anayetajwa kuwa muuaji.

"Nani ameifunika?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe," akajibu meneja, akimwonyesha tembo kwa kidevu. "Mkata tiketi alipofika saa mbili alimkuta akiokota majani."

Meneja huyo aliitwa Jonathan. Alikuwa ndiye msimamizi wa Bustani ya Wanyama ya Kabuhinzi, iliyo kusini mwa Butimba, pale miamba mikubwa inapoingia majini. Alivaa tai, na jasho lilikuwa limekwisha kuilowesha.

"Marehemu ni nani?"

"Daktari Alexander Chenge, mkaguzi kutoka Dodoma. Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa mazizi ya tembo. Anatoa alama: sakafu, maji, kivuli, nafasi, wenza. Jumla yake mia. Leo ilikuwa siku ya tatu na ya mwisho."

"Na tembo amemuua."

"Unaona mwenyewe, Inspekta. Nimekwisha kuwaita askari wa wanyamapori. Watafika na bunduki kabla ya saa kumi. Tembo aliyeua mtu haachwi hai."

"Umefanya haraka."

"Nimefuata taratibu."

"Hakuua."

Sauti hiyo ilitoka nyuma yao. Mzee mmoja mrefu, mwenye ovaroli la kijani lililopauka, alikuwa amesimama ngazini, kofia mkononi.

"Daktari ameanguka," alisema. "Ameanguka kutoka hapa jukwaani. Mkoba wake ule pale."

"Shikamoo, mzee," alisema Raya.

"Marahaba, afande. Naitwa Mhoja. Ni mtunzaji wa Kabula. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili."

"Ulimwona akianguka?"

"La."

"Umejuaje basi?"

Mzee alimtazama tembo, wala hakumtazama Inspekta. "Kabula hana tabia hiyo."

Ili maiti ifikiwe, ilibidi tembo aondolewe. Mzee Mhoja alishuka, akasimama nje ya lango la chuma, akatamka neno moja la Kisukuma kwa sauti ya chini. Kabula aliacha kuyumba. Aliitazama maiti kwa mara nyingine, kisha akaingia banda la kulala kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Mzee akasukuma komeo, akatazama saa, akaandika kitu katika daftari lililoning'inia langoni kwa kamba, akatia saini.

"Sasa mwaweza kuingia," alisema. "Hapa haingii mtu penye tembo. Hata mimi siingii."

Daktari wa polisi, Gladness, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alipiga magoti mchangani. Aliyaondoa majani moja moja. Sajenti Obedi, Mjita wa Musoma mwenye mzaha usiokwisha, alipiga picha kwa kila tawi lililoondolewa.

"Mbavu za kushoto zimevunjika," alisema Gladness.

"Kwa mguu wa tembo?"

"Pengine. Huenda alijaribu kumwinua. Lakini zimevunjika mtu akiwa amekwisha kufa, damu haikuvilia. Kilichomuua ni hiki hapa." Aliugeuza ubavuni mwili ule. Kisogoni palikuwa na jeraha jembamba, refu, lenye chembe za kutu. "Pigo moja la chuma."

"Kama aliteleza jukwaani?"

"Ni mita tatu tu, na chini ni mchanga. Mchanga hauna kutu."

Raya aliinama. Chini ya kichwa mchanga ulikuwa mkavu na safi. Mtu aliyepasuliwa kisogo alikuwa amelazwa pale bila kuacha tone.

"Amekufa lini?"

"Kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Sitasogea zaidi ya hapo."

Raya akamgeukia meneja. "Saa hizo Kabula alikuwa ndani au nje?"

"Nje. Kwa siku tatu lango halikuguswa. Daktari aliagiza hivyo. Alitaka tembo akae nje usiku na mchana, ili kila asubuhi azisome nyayo mchangani na kujua ametembea kiasi gani. Kutwa nzima aliketi hapo juu, anatazama, anaandika, hasemi na mtu."

"Hata mimi nisingependa kupewa alama na mtu wa namna hiyo," alisema Obedi akikunja kamera. "Mama mkwe wangu alikaa kwangu siku tatu akinitazama vivyo hivyo. Sijapona hadi leo."

"Obedi."

"Naam, afande."

"Lete mkoba."

Ndani ya mkoba kulikuwa na fomu ya ukaguzi na daftari dogo. Raya aliketi juu ya benchi la watazamaji akasoma. Sakafu ya mchanga na udongo, kumi na nane katika ishirini. Maji: bwawa la kuogelea na dimbwi la matope, ishirini. Kivuli, kumi na saba. Nafasi, kumi na nane. Hizo tu zilikuwa sabini na tatu, na Raya, asiyejua lolote juu ya tembo, alikubali moyoni kwamba zizi lile lilikuwa zuri: pana, lenye miti, limezungukwa na miamba kwa upande mmoja na ukuta mrefu kwa upande wa pili.

Ila mstari wa mwisho, wa wenza, ulikuwa na maneno mahali pa alama. Kwenye fomu bustani ilikuwa imejaza: *Tembo wawili, Kabula na Milembe.* Pembeni marehemu alikuwa ameandika: *Tazama daftari.*

Raya alilifungua.

*Siku ya kwanza. Kabula aliita saa 12:05 asubuhi. Akajibiwa kutoka nyuma ya ukuta. Akaita tena saa saba mchana. Akajibiwa. Wanasema Milembe ni mgonjwa, haoni watu.*

*Siku ya pili. Aliita. Akajibiwa. Nimeyalinganisha majibu kwa chombo changu. Jibu la leo ni lile la jana. Urefu ni ule ule. Hata pumzi katikati ni ile ile.*

*Zizi hili ni zuri kuliko yote niliyoyapima. Kinachomjibu humo sicho kiumbe hai.*

*Siku ya tatu, saa 12:14. Nakwenda nyuma ya ukuta.*

Hapo maandishi yalikoma. Jua lilikuwa limeanza kupenya ukungu.

"Milembe yuko wapi?" alimwuliza meneja.

Jonathan alijifuta uso. "Ni mgonjwa. Yuko banda la ndani."

"Tukamwone."

"Atashtuka. Ufunguo anao... sijui nani anao leo."

"Utafute. Nina subira."

Wakatafuta ufunguo, au wakajifanya wanautafuta, mpaka mchana. Raya alimhoji mkata tiketi, akamhoji mlinzi wa lango kuu, akaagiza Kabula atolewe nje apate maji. Saa saba kamili alikuwa amesimama na Obedi karibu na pipa la maji, mzee Mhoja akiwa ameketi mbele yao juu ya jiwe, mikono mitupu magotini.

Kabula aliacha kunywa. Aliinua kichwa. Masikio yake yalipanuka.

Hakuna aliyesikia kitu. Lakini maji ya pipani yalianza kutetemeka, duara ndani ya duara, na Raya akahisi mtikisiko mzito ukipita kifuani mwake, kana kwamba mtu ameuweka mkono wazi juu ya moyo wake na kuusukuma taratibu. Ukakoma. Kisha, kutoka nyuma ya ukuta, ukaja mwingine.

"Afande," alinong'ona Obedi, mzaha wote umemtoka. "Umesikia?"

"Sikusikia. Nimehisi."

Kabula alitembea moja kwa moja hadi ukutani. Aliuweka mkonga juu ya saruji, mahali palipokwisha kung'aa kwa kuguswa, akatulia kimya. Kuyumba kulikuwa kumekwisha. Alikuwa na sura ya mtu aliyefika nyumbani.

Mzee Mhoja alikuwa amefumba macho.

"Vunja mlango," alisema Raya.

Obedi aliuvunja kwa mateke matatu. Nyuma ya ukuta lilikuwapo banda la tembo, refu, lenye giza, lenye harufu ya nyasi mbichi. Hapakuwa na tembo. Palikuwa na kitanda cha nyasi zilizokatwa jana, na beseni la maji safi, na matikiti mawili yaliyopasuliwa kwa ajili ya mlaji asiyekuwapo. Mbele ya ukuta zilisimama spika nne kubwa za besi, za kimo cha mtu, kama zile za sherehe, zimefungwa kwenye saa ya umeme iliyotegwa kuziwasha yenyewe kwa saa zile zile mbili zilizomo katika daftari la marehemu. Mbele ya swichi sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa maji mengi, lakini saruji ilikuwa imekwisha kunywa. Doa lilikuwa la kahawia, pana kama sinia. Kando ya mlango liliegemezwa komeo la akiba, chuma chenye kutu cha urefu wa mkono. Ncha yake moja tu ilikuwa imeoshwa.

"Sasa sema," Raya alimwambia meneja.

Jonathan alikaa chini bila kuchagua mahali. "Milembe alikufa. Miaka sita iliyopita, kwa ugonjwa wa tumbo. Tembo wa peke yake hatakiwi. Hata uwe na zizi la dhahabu, unanyimwa daraja. Nikaendelea kuandika wawili. Wakaguzi wa nyuma walisoma karatasi tu, wakanywa chai, wakaondoka. Huyu alitazama."

"Ukamuua."

"Sikumuua! Nimedanganya, nakiri. Lakini nilitoka nyumbani Buhongwa saa moja na nusu. Muulize mlinzi."

Raya alikuwa amekwisha kumwuliza. Gari la meneja lilikuwa limepita lango kuu saa mbili kasoro dakika kumi. Kabla ya saa moja ndani ya bustani walikuwamo mkaguzi, mtunzaji, na wanyama.

Askari wa wanyamapori walifika mapema, saa tisa. Kiongozi wao, koplo mwenye uso mgumu, alikuwa ameshika bunduki kubwa ya tembo. Alisikiliza yote kwa adabu.

"Afande, nimekuelewa. Lakini amri yangu inasema mbavu za mtu zimevunjwa na tembo, na tembo alikuwa nje saa ya kifo. Huyo mwenye chuma hana jina. Nipe jina, nirudi na risasi zangu. La sivyo, saa kumi nafanya kazi niliyotumwa."

Ilikuwa imebaki saa moja. Raya alimtazama Kabula, ambaye alikuwa ameanza kuyumba tena. Kisha alilitazama lango. Alikumbuka mkono wa mzee ukiandika asubuhi ile, upesi, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati.

Alilifungua daftari la lango.

Lilikuwa daftari nene, lenye mwandiko mmoja wa kunyooka uliofundishwa kwa kiboko. Kila ukurasa ulikuwa na safu ya Kabula na safu ya Milembe. Safu ya Milembe ilikoma tarehe moja, miaka sita nyuma, kwa maneno: *Amekufa saa nane mchana. M.* Toka hapo, mistari mitupu. Karatasi za ofisini zilikuwa zimedanganya miaka sita; daftari hili halikudanganya hata siku moja.

Alifika ukurasa wa leo. Akausoma mara mbili.

"Mwite mzee," alisema.

Waliketi ndani ya banda tupu, Raya juu ya ndoo, mzee juu ya nyasi. Obedi aliandika. Koplo alisimama mlangoni.

"Mzee Mhoja, ulijua lini kwamba daktari amekufa?"

"Saa mbili. Mkata tiketi alipopiga kelele."

"Kabla ya hapo hukuingia zizini?"

"Sikuingia."

"Na lango halikuguswa."

"Halikuguswa."

Raya aliliweka daftari magotini pa mzee. "Nisomee mistari miwili ya kwanza ya leo. Mwandiko ni wako."

Mzee hakusoma. Alitazama tu, na damu ilimwondoka usoni taratibu.

"Basi nitasoma mimi," alisema Raya. "*Kabula ndani, saa 12:40. Kabula nje, saa 1:25.* Saini yako. Daktari alikataza lango lisiguswe siku tatu, nawe ulimtii siku mbili. Leo ulimfungia tembo ndani dakika arobaini na tano. Tembo hufungiwa ndani kwa sababu gani?"

"Ili... ili mtu aingie."

"Nani aliingia?"

Raya aligonga ukurasa kwa kidole.

"Kama maiti ilikuwako tayari, kwa nini hukupiga kelele? Kama haikuwako, nani aliiweka? Nipe jibu moja katika hayo mawili, mzee wangu, sitaki la tatu."

Mzee alipitisha kidole juu ya maandishi yake. Alipozungumza, alizungumza kwa mshangao, kana kwamba habari ile ilimhusu mtu mwingine.

"Niliandika," alisema. "Mikono ina damu, na niliandika. Miaka ishirini na miwili, ukifunga unaandika, ukifungua unaandika. Sikumbuki hata kuishika kalamu."

"Endelea."

"Nilimkuta hapa, mkono wake kwenye swichi. Alikuwa amekwisha kuizima. Nikamwambia, daktari, washa. Akasema, mzee, huu ni ukatili, huwezi kumfanya kiumbe azungumze na mfu. Nikamwambia, Milembe alipokufa Kabula aligoma kula siku kumi na moja. Mbavu zikahesabika. Mtafiti mmoja alikuwa ametuachia sauti ya Milembe. Nikaiweka. Akala. Ukizima atakufa kwa kimya. Akasema haitarudi kuwashwa tena. Nikampiga."

"Kisha?"

"Nikamlaza kwenye mkokoteni wa nyasi. Nikamfungia Kabula, nikampeleka daktari chini ya jukwaa, nikafagia mchanga. Nilitaka mseme ameanguka. Sikujua Kabula atakwenda kumfunika." "Sikujua watamsingizia yeye. Tangu saa tatu natafuta namna ya kuwashawishi kwamba ameanguka tu."

"Ulisikia saa kumi atauawa. Ulikuwa na jibu kinywani, ukakaa juu ya jiwe."

"Nilikuwa na hofu, afande."

Koplo mlangoni aliitoa risasi bundukini, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Yeye alikuwa amepata jina.

Raya hakuinuka. Kulikuwa na jambo lililokuwa bado halijakaa mahali pake. Alilifungua daftari dogo la marehemu kwenye kurasa za nyuma, mahali palipoandikwa pendekezo, tarehe ya jana jioni.

"Daktari hakukusudia kumwacha katika kimya," alisema. "Aliandika kwamba Kabula ahamishiwe shamba la hifadhi lenye tembo jike watatu. Walikwisha kukubali kumpokea. Walio hai, mzee. Hili hukulijua?"

Mzee aliokota unyasi, akaukunja.

"Nililijua."

"Tangu lini?"

"Aliniambia hapa hapa. Alinishika bega. Alisema, furahi, mzee, atapata wenzake, hatahitaji sauti hii wala..." Aliutazama ukuta. "Hapo ndipo nilipolichukua komeo."

Obedi aliacha kuandika.

"Kwa nini?" aliuliza Raya, kwa upole kuliko alivyokusudia.

Mzee aliinua kiganja cha mkono wa kuume, akakiweka juu ya ukuta, kati ya spika mbili. Saruji ilikuwa imeng'aa pale pia, kwa ukubwa wa mkono wa mtu.

"Kila alfajiri nasimama hapa," alisema. "Yeye anakuja upande ule, anaweka mkonga. Mimi naweka mkono. Mke wangu nilimzika, watoto wako mbali, hawapigi hata simu. Huyu alikuwa anakuja kila siku, afande. Miaka sita. Hakujua ni mimi. Lakini alikuwa anakuja kwangu."

Raya alisimama. Alimfunga pingu kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa aliona si haki kumwachia Obedi kazi ile. Kisha, kama sheria inavyotaka, akaagiza spika zing'olewe zipelekwe kituoni kuwa vielelezo.

"Usizikate, afande," alisema mzee. "Nakuomba, mayu, mama yangu. Zipe hata siku moja."

Obedi alivuta waya wa kwanza, halafu wa pili, mpaka wa nne.

Walikuwa wamefika mlangoni waliposimama wote kwa pamoja. Mtikisiko ule ulikuwa umewapita vifuani, mzito, mrefu, ukitokea upande wa pili wa ukuta. Haikuwa saa yake ya kuita. Ukakoma. Kabula alikuwa anangoja.

Hapakuja jibu.

Akaita tena.

Mzee Mhoja aliugeukia ukuta, mikono imefungwa mbele, akapanua kinywa chake kadiri kilivyoweza kupanuka. Mishipa ya shingo ilimsimama. Raya alimngoja, akiwa amemshika kiwiko, wala hakumharakisha. Lakini kifua kile cha kizee hakikutoa sauti yoyote ambayo tembo angeweza kuijua.